Kaka, Gari Lako Linakunywa Oil Gani?

Kaka yangu mpenzi,

Simu hupokei, ujumbe husomi. Basi nakuandikia mbele za watu, labda aibu itaweza kazi iliyoushinda undugu.

Gari lako limezima. Naanza na hilo kwa sababu nakujua: ningeanza na Mama, ungesema utapiga kesho.

Unakumbuka ulipolishusha bandarini Kilindoni? Gari la mashindano, lenye turbo, injini umeibadilisha kwa mikono yako huko Dar, ukalileta kwenye kisiwa ambacho ukikanyaga mafuta sawasawa unaishia baharini. Kijiji chetu kizima cha Ndagoni kilitoka kulitazama likikwama mchangani. Kesho yake ukatuita mimi na Mama utufundishe kupima oil. "Lisimame pahala tambarare. Injini ipate moto, uzime, usubiri oil ishuke." Ukachomoa kijiti cha kupimia, ukakifuta kwa ncha ya kanga ya Mama, ukakichovya tena. "Kati ya alama hizi mbili. Ikaribie ya juu, isiipite."

Mama akachungulia. "Mbona hujaijaza?"

"Mama, hili si dumu la maji."

Tulicheka. Lakini Mama ni mzaliwa wa kisiwa cha Jibondo, kaka. Kakua akingojea maji yaje kwa mashua. Kwake chombo kisichojaa ni msiba ulioko njiani.

Ulipokwenda Uarabuni, gari likawa miguu yake. Nyonga yake haivumilii pikipiki, na hospitali iko Kilindoni. Juma lililopita tukiwa njiani, moshi ukatoka nyuma hata barabara siioni. Nikasema labda oil imepungua. Mama, kajishika nyonga, akajibu kwa fahari: "Haiwezi! Jana nimelishibisha. Mwanangu akirudi asilikute na njaa."

Lile dumu la oil ulilotuachia, kalimimina lote kwenye injini, mpaka mdomoni.

Fundi wa boti alipofungua, oil ilikuwa imepigwapigwa ikawa povu. Na povu halilainishi chuma, wewe ndiye uliyenifundisha. Anasema injini bado ina uhai, ila imwagwe yote, iwekwe oil yake. Yake ipi? Kitabu cha gari kinaeleza injini uliyoitoa, si uliyoiweka. Dumu lako nalo Mama kalikwangua maandishi, kalifanya la mafuta ya taa. Nikaenda dukani. Muuzaji akaniwekea oil ya boti mezani.

"Oil ni oil, dada. Hii inavuka mpaka Nyamisati, bara."

"Boti halina turbo."

"Na gari lako halina bahari. Chukua."

Sikuchukua. Nikiweka nzito, inachelewa kufika juu. Nikiweka nyepesi mno, turbo inaungua. Nikikosea, gari linakufa, na Mama habebeki kwa chombo kingine.

Siku ile hatukufika hospitali, na mpaka leo hajaonwa na daktari. Alikuwa akisali amekaa; sasa anasali amelala. Sijamwambia kilichoharibu gari. Anaamini linakulilia wewe, na sina moyo wa kumnyang'anya hilo.

Kaka, siombi hela. Siombi hata urudi. Nitajie oil, na uniambie kama alama za kijiti bado ni za kweli kwa injini hii. Ujumbe mfupi tu. Tusi pia nitalipokea, mradi namba ya oil iwemo.

Kila asubuhi Mama anataka umiminiwe chai, mpaka ukingoni. Ikipoa, nainywa mimi.

Mdogo wako, mwenye ufunguo wa gari