Mfano wa Nyota

Kinango, Jumanne, 17 Machi 1998

Kama mwalimu. Mpaka sasa maneno hayo yananikera.

Asubuhi darasa la saba waliniuliza juu ya lile jiwe la angani lililotajwa redioni. Nikawaambia kwamba linaitwa asteroidi, na kwamba mawe ya namna hiyo yanalizunguka jua, mengi yakiwa kati ya Mirihi na Mshtarii. Neno lenyewe asili yake ni Kigiriki, maana yake "mfano wa nyota".

Mwanamisi akanyoosha mkono. "Mwalimu, ikiwa ni mawe, mbona yakaitwa nyota?"

"Hayakuitwa nyota, yaliitwa mfano wa nyota. Kwenye darubini za zamani yalionekana vinukta vya mwanga tu, yakapewa jina kwa sura ile." Nililifurahia mno jibu langu.

Mapumziko ya saa nne, mwalimu mkuu akaingia ofisini na mgeni kutoka chuo cha ualimu. Ndiye atakayelichukua darasa langu. Mkuu akanitambulisha kwa upole wake wote: "Huyu ndugu yetu amekuwa akitusaidia hapa kama mwalimu."

Nimefundisha miaka sita. Cheti sina, ni kweli, na mwezi ujao sijui nitakuwa wapi. Lakini angalau angesema...

Jioni nilimkuta Mwanamisi kwenye foleni ya maji, ndoo mkononi. "Shikamoo, mwalimu."

Nikaitikia marahaba, kama mwalimu.