Bibi Harusi Kwenye Kikao cha Mitaala

Mwalimu wangu, mtani wangu,

Shikamoo. Nimeolewa! Nalitanguliza hilo kwa sababu najua usingekuwa na subira ya salamu ndefu. Nimeolewa na Ramadhani, yule fundi wa kuchomelea mageti hapa hapa mtaa wa Ng'ambo, uliyekuwa ukimwita Cheche kila alipopita mbele ya karakana yetu ya ushonaji akijifanya ana safari. Hakuwa na safari yoyote, Mwalimu. Alikuwa ananitafuta mimi. Sasa ananiamsha na chai ya tangawizi, akinitazama nashindwa hata kushika kikombe. Sijui watu wengine furaha kama hii huiweka wapi. Mimi inanimwagika tu.

Lakini lililonishikisha kalamu ni jingine. Kiti kimepatikana.

Naam, kile kile. Kiti cha mwalimu wa ufundi kwenye kamati ya mkoa, ile inayoshauri masomo ya shule za serikali yafundishwe vipi. Miaka yote walimu wa hesabu walikuwamo, wa sayansi walikuwamo, wazazi walikuwamo. Wa ufundi, hakuna. Wewe uliitwa kwenye ukumbi wao mara moja, kupima mapazia. Ulirudi unacheka, ukakaa kwenye cherehani yako, ukasema, "Mwajuma, wao wanapanga ratiba yetu, sisi tunapima madirisha." Kisha hukucheka tena siku nzima.

Na ratiba yenyewe unaijua. Masomo ya amali, haya ya kazi za mikono, yameingia sekondari, tukashangilia, halafu ushonaji ukapewa kipindi kimoja kimoja kama historia. Wasichana watoe cherehani, watie uzi, wapange kitambaa, kengele hiyo. Warudishe kabatini. Wiki nzima hawajamaliza mkono mmoja wa blauzi. Uliandika, ukaenda, ukasubiri kwenye mabenchi yao. Ukafariki bila jibu.

Siku ya kukuzika, sisi watani wako Wanyamwezi tuliziba mlango, kama utani unavyotaka. Tukapiga kelele kwamba Mzaramo huyu haondoki Tabora mpaka atuombe radhi kwa kutuita wapagazi. Nilisikia sauti yako kabisa: "Babu zenu wamebeba pembe mpaka pwani kwa miguu, wewe cherehani moja inakushinda?" Nilikuwa nacheka. Nikajikuta nalia.

Basi, kiti kikaja. Walimu wa ufundi wa mkoa mzima, kuanzia Kigwa mpaka Ziba, wakanichagua mimi mwenzao. Mimi, Mwalimu! Lakini kamati ilisema ni kwa kujaribu. Mwakilishi akihudhuria kikao kijacho na akawa na la kusema, kiti kitabaki. Asipofika, basi, walimu wa ufundi wameitwa hawakutokea. Na majina yalikuwa yameshapelekwa, hakuna wa kunishikia nafasi.

Kikao kikaangukia katikati ya fungate yangu.

Unawajua wakwe zangu. Mama yake Ramadhani, Bi. Tatu, hachezi na mila. Bibi harusi hakanyagi nje mpaka siku zake ziishe, hata jua humwona kupitia dirishani tu. Nililia kwenye kifua cha mume wangu. Nikamwambia nitaacha, sitaki kuanza ndoa kwa kumvunjia heshima mama yake. Akaniinua kidevu, akasema, "Nilikupenda ukiwa kwenye ile karakana. Unaacha nini?" Ee Mwalimu, mwanamume huyu! Akatoka kwenda kuzungumza na mama yake.

Bi. Tatu aliingia chumbani kwangu. "Huyo mwalimu wako ndiye aliyenishonea gauni langu la Idi, la zambarau?"

"Ndiye, mama."

"Halijafumuka mpaka leo." Akafungua kabati, akatoa kanga. "Fungate haivunjwi. Tutakwenda nayo."

Ndivyo nilivyovuka Ng'ambo, Mwalimu, nimefunikwa kanga, shangazi mmoja kulia, mwingine kushoto, mama mkwe mbele kama askari. Vijana wa bodaboda wakapiga mayowe, "Bibi harusi kakimbia!" Bi. Tatu hakugeuka. "Kakimbilia kazini. Wewe tangu asubuhi umekimbilia wapi?"

Niliingia ukumbini peke yangu, wao wakabaki nje kwenye benchi. Mapazia ni yale yale yako, yameshuka vizuri mpaka chini. Na mezani, mbele ya kiti kitupu, kibao kimeandikwa "Ufundi". Nilisimama nikakitazama kama mtu aliyeona ziwa kwa mara ya kwanza. Mwenyekiti akaona mikono yangu. "Leo tuna bibi harusi," akasema, wakacheka, nami nikacheka, nikaketi, nikaiweka mikono yangu yenye hina juu ya meza.

Nilisema lako, Mwalimu. Vipindi viwili vifuatane, mara mbili kwa wiki. Nikawaeleza habari ya kengele na kabati. Mzee mmoja wa hesabu akauliza, kwa upole kabisa, "Binti yangu, nikikupa hivyo, vyangu nivitoe wapi?" Nikamwambia sijui. Nikamwambia wanafunzi wake ndio wangu, wanapima viuno kwa hesabu alizowafundisha, sitaki kumnyang'anya. Mkuu wa shule mmoja akasema labda mchana, baada ya chakula, ratiba inaweza kusogea. Wakabishana, nami ndani yake nikibishana, mpaka nikasahau kwamba naogopa.

Hatukupata yote. Wamekubali kupendekeza vipindi viwili vifuatane, lakini mara moja tu kwa wiki, na bado wizara iseme. Ila kiti kimebaki. Mwenyekiti alisema hivyo hivyo, kama mtu anayeagiza chai: "Ufundi waitwe kila kikao."

Nje, Bi. Tatu alikuwa bado kwenye benchi. "Wamekusikiliza?"

"Wamenisikiliza, mama."

Alinifunika tena kanga, taratibu, akashindwa kuficha tabasamu. "Haya, turudi nyumbani. Mumeo anakusubiri."

Pumzika sasa, mtani wangu. Mwenyezi Mungu akunurishie kaburi lako na akulaze pamoja na waja wake wema. Nakuahidi jambo moja. Kiti hiki sitakizoea. Siku nitakayoingia mle bila moyo kwenda mbio, nitanyanyuka mwenyewe, nimpishe mwalimu mwingine wa ufundi ambaye moyo wake bado unakwenda mbio.

Mwanafunzi wako,
Mwajuma, mke wa Ramadhani