Kifuniko cha Nyuma Kinavuja, na Mume Wangu Anauza Gari

Mshauri wetu Nedra, nisaidie kabla ya Jumamosi, nakuandikia hapa jikoni na viazi vya jibini vinaungua kwenye oveni lakini viungue tu, maana nina jambo moyoni na sina wa kumwambia hapa mjini kwetu Ferron, kila mtu hapa ni binamu wa mtu.

Mume wangu Verl alichimba makaa ya mawe mpaka akastaafu, na starehe yake ni moja tu, gari letu la kijani la kupandia miamba, ambalo tumezunguka nalo majabali ya San Rafael tangu watoto wetu wakiwa wa kubebwa, yeye kwenye usukani na mimi mbele kwa miguu nikimwonyesha kwa mikono apitishe gurudumu wapi, tukigombana ni hapohapo na tukipatana ni hapohapo. Sasa tangu mwaka jana mikono yake inatetemeka, daktari wa mji wa Price ameupa ugonjwa jina na vidonge, na Verl hataki jina hilo litajwe nyumbani, ila naona anavyoshika kikombe kwa mikono yote miwili, na mimi hujifanya natazama dirishani.

Msimu uliopita jiwe lilibonyeza kifuniko cha difu ya nyuma, kama hujui difu ni lile bonge la chuma katikati ya ekseli ambamo gia hukaa ndani ya oili, basi akanunua vifuniko viwili vipya vya chuma kinene, cha mbele na cha nyuma, akasema atavifunga mwenyewe hapa bandani kwetu. Mwanetu Darrin akapiga simu, akamwambia, "Baba, peleka gereji bwana, watakumalizia upesi." Verl akamjibu, "Gereji ndiyo hii na fundi ndiye mimi, ukitaka njoo ule," akakata. Na kweli akafanya, polepole, siku nzima, akamwaga oili, akakwangua gundi ya zamani mpaka chuma kikang'aa, akapaka silikoni mpya kuzunguka kila kifuniko, na ule mstari wa silikoni ulipindapinda kama wa mtoto anayejifunza kuandika, nikauona, naye akaona nimeuona, akasema, "Usiseme kitu, mama." Akafunga bolti zote, akaacha ikauke mpaka kesho yake.

Kesho yake akaenda kanisani kusaidia kupanga viti, na mimi nikaingia chini ya gari. Nedra, niliogopa. Niliogopa kwamba mikono ile haikukaza sawasawa, kwamba kitu kitafunguka akiwa huko korongoni na watu wa klabu yetu ya magari ya miamba wakimtazama, kwa hiyo nikachukua spana yake ya kupimia bolti imekazwa kiasi gani, nikalegeza bolti za kifuniko cha nyuma moja moja na kuzikaza upya, hii kisha ya upande wa pili, vilevile alivyonifundisha mwenyewe tukiwa vijana. Cha mbele sikukifikia, fimbo ya usukani inaziba na mgongo wangu nao si wa kuchezewa. Nikanawa, nikabadilisha gauni, aliporudi akanikuta nakaanga vitunguu.

Akatia oili, tukazunguka kidogo barabara ya vumbi, asubuhi tukakuta dimbwi chini ya difu ya nyuma. Ya mbele kavu kabisa. Verl akakaa juu ya ndoo, akaitazama mikono yake, akasema, "Mama, mikono imeniaga." Tangu hapo hajagusa spana, ameongea na mtu wa mji wa Huntington ambaye anakuja Jumamosi kulinunua gari, na mimi nikimwambia kwamba nilipita nyuma yake kukagua kazi yake nitamvunja moyo, nikinyamaza gari linakwenda na yeye anabaki kwenye kiti akitazama ukuta, na hata nikisema sijui itasaidia nini, maana mimi nilikaza vizuri na bado imevuja. Niseme au ninyamaze? Tafadhali badilisha majina.

LaRue, Ferron

*

Dada LaRue,

Majina nimeyabadilisha, ingawa gari la kijani la kupandia miamba hapo Ferron ni moja tu na hata mbwa wanalijua. Jibu hili nimekutangulizia kwa posta. Gazeti linatoka Alhamisi na mzee wako ni msomaji wetu, kwa hiyo muda wako unaisha Alhamisi, usijidanganye na Jumamosi.

Zima oveni, halafu ukae.

Mimi unanieleza difu ni nini? Nimeolewa na mtu wa miamba, nimeoka mikate kwenye meza yenye gia upande wa pili. Kwa hiyo nisikilize. Silikoni ikishakauka, kifuniko hakiguswi. Imeshika chuma huku na chuma kule, na ukilegeza bolti unaiachanisha, na ukikaza tena hairudi kushika hata ukaze mpaka macho yakutoke. Hapo hakuna dawa ila kukwangua yote na kuanza upya.

Umeandika mwenyewe na hukuona. Cha nyuma ulikigusa, kinavuja. Cha mbele hukukifikia, kikavu. Vyote viwili alivifunga mtu mmoja, kwa mikono ileile inayotetemeka na mstari uleule uliopinda. Mstari kupinda si hoja, mradi haukukatika mahali, na wake umesema ulipinda tu. Kazi ya mume wako ilikuwa nzima mpaka ulipoingia wewe chini ya gari.

Nakucheka kidogo, nisamehe. Mwanamke mwenye mgongo mbovu amelala chini ya ekseli kwa ajili ya mapenzi, nani asingekupenda. Lakini umemwacha mtu mzima akiamini mikono yake imekufa, na hilo siwezi kukupakia asali.

Unaogopa kumvunja moyo? Umeshavunjika, dada yangu, ndiyo maana anauza gari. Atakasirika, ndiyo. Atanuna, atapangua makopo ya rangi bandani ambayo hayahitaji kupanguliwa, na jioni atakuja kula. Mwache anune. Na huyo mtu wa Huntington usimpigie simu wewe. Umeshamfanyia Verl mambo ya kutosha kwa siri, hilo aamue na alifanye mwenyewe.

Akikubali kurudia, nunua silikoni mpya na umshikie kifuniko akiwa anapaka. Shika kifuniko tu. Akitaka bolti ikazwe na wewe ataomba, na asipoomba, kaa na mikono yako mapajani. Baada ya hapo, yeyote atakayekigusa kifuniko kabla difu haijatiwa oili, alale bandani.

Sasa lile mnalolikwepa wote wawili. Ugonjwa haukuletwa na silikoni na hautaondoka nayo. Utajeni kwa jina lake, mezani, mkiwa mnakula. Mwulizeni daktari kama bado anafaa kushika usukani kwenye miamba, na akisema hapana, badilishaneni: wewe endesha, yeye atangulie kwa miguu akuonyeshe njia. Mkono wake ukielekea kushoto, hata ukitetemeka, ni kushoto. Utamtii kama alivyokutii wewe miaka yote hiyo, na mtagombana hapohapo na mtapatana hapohapo.

Usitangulize keki, wala samahani ndefu ya kuzunguka nyumba. Nenda bandani leo, kaa karibu naye, mshike mikono yote miwili, usitazame dirishani. Mwambie: mume wangu, haikuwa hii. Ilikuwa yangu.

Nedra