Viwavi wa Mlimau Wako

Buyenzi

Baba Assia,

Amani ya Mola ikukute huko Rumonge. Sisi wazima, na Assia amehifadhi juzuu ya tatu.

Vipepeo wamerudi tena na mvua kutaga kwenye mlimau wako. Ulisema nisiwaue viwavi, utafika kabla hawajaota mabawa. Huu ni msimu wa tatu wa mvua. Mti umebaki vijiti, na jirani Waridi ananiuliza, "Mama Assia, we siku hizi unafuga wadudu?"

Rumonge si Ulaya. Nasikia kuna mwanamke anakupikia huko. Sijauliza.

Leo baada ya swala nimewaokota viwavi wote, nikabakiza mmoja. Huyo akiruka hujafika, nahamia kwa kaka yangu Cibitoke.

Mkeo bado,
Mama Assia