Plasta za do, re, mi

Jumamosi jioni, Lodwar. Upepo umevuma tangu asubuhi na vumbi limeingia hadi kwenye sukari. Moyo wangu nao umejaa vumbi.

Nina wiki saba tu za ndoa. Bado Ewoi akirudi kazini nasikia hatua zake nje na naacha chochote nilichoshika. Jamani, nampenda mtu huyu! Alikuja na binti yake wa miaka minane, Akiru, ambaye mama yake alifariki miaka miwili iliyopita. Tangu siku ya harusi majirani wananisalimu, "Ejok, Mama Akiru!" Kila mara nacheka peke yangu njia nzima hadi sokoni.

Ewoi aliponiomba nimtafutie mtoto mwalimu wa piano, nilikuwa juu ya mawingu. "Chagua wewe," aliniambia. "Wewe ndiye mama."

Piano yenyewe ni kinanda cha umeme alichoacha marehemu. Vitufe vilikuwa na vipande vya plasta ya kidonda, vimeandikwa kwa kalamu do, re, mi, hadi mwisho. Vingine vilikuwa vimeanza kubanduka.

Nilimchagua mpiga kinanda wa kanisa la jirani. Vidole vyake vinakimbia, na kwake ni dakika tano kwa miguu. Alipokuja kukiona kinanda alicheka. "Madam, toa hizi takataka. Mtoto atazoea kusoma plasta, muziki hatajua."

Nilizitoa siku hiyohiyo. Maji moto, sabuni, kitambaa, huku naimba. Kinanda kiling'aa kama kipya.

Akiru alirudi kutoka shuleni, akakitazama, akakifunika kwa leso. Mwalimu alikuja mara tatu. Mara zote tatu mtoto alikaa mikono mapajani.

Ewoi hakunigombeza. Aliniambia tu kwamba mama mzazi wa Akiru aliziandika zile plasta akiwa mgonjwa, tayari hawezi kusimama.

Afadhali angenigombeza.

Leo nimempeleka Akiru Kakuma, kwa mama mmoja Mkongo anayepiga piano katika kanisa la kambi ya wakimbizi. Njia nzima alitazama dirishani. Mama huyo hakuniuliza lolote. Alimvuta mtoto karibu yake.

"Nani alikufundishaka?"

"Mama."

Akanigeukia kwa tabasamu. "Ni weye?"

"Si huyu," alisema Akiru.

Hakulisema kwa ubaya. Alilisema vile mtu anavyosahihisha jina kwenye orodha. Mimi nilikuwa nimeshaanza kutabasamu, na sikujua niupeleke wapi uso wangu.

Yule mama hakujifanya hajasikia. "Basi mie sianze upya," alimwambia. "Naendelea pale mama yako aliachia. Funga macho, unionyeshe do yake."

Akiru alifumba macho. Kidole gumba kilishuka palepale, bila kupapasa. Kisha re. Kisha mi. Akapiga wimbo mzima ambao sikuwahi kuusikia nyumbani kwangu.

Nyumbani kwao.

Kwa hiyo mwalimu amepatikana, na ni huyu wa mbali. Tutakuwa tunakwenda kila Jumamosi. Ewoi amefurahi, amenikumbatia na kunisifu kwamba nina jicho la kuchagua. Sikumwambia kwamba chaguo langu lilikuwa yule wa kwanza; huyu Akiru ndiye aliyemchagua.

Msamaha wa Akiru sijauomba. Nitauomba kwa maneno gani? Kwamba nilikuwa na furaha mno hata sikuuliza?

Jioni hii nilikifunua kinanda nikapitisha kidole juu ya vitufe, kimoja kimoja. Vyote laini. Kwenye kitufe cha la, upande wa mwisho, kidole kimenata. Kuna gundi kidogo ya plasta niliyoshindwa kuisugua.

Kesho nitamwonyesha Akiru.