Mstari Ulioufuta Uwanjani

Butihinda, Muyinga
6 Juni 2022

Mpendwa kaka Kasiano,

Shikamoo. Nakuamkia hata leo, maana ndivyo mama alivyonilea. Natumaini u mzima huko Gitega na kile kikohozi kimekuacha. Sisi hatujambo. Mama Dorotea, tangu aje kukaa kwangu, anatembea bila fimbo, na maharage mwaka huu yamekubali.

Mechi ya juzi tuliyoitazama pamoja uwanjani ilinifurahisha mno, sikufichi. Tangu turudi kutoka Tanzania sijawahi kupiga kelele kiasi kile. Bwana mmoja wa Giheta alinikumbatia kana kwamba nimefunga mimi! Ndipo uliponipa simu yako nipige picha za penalti, nikakuta ukurasa wa kazi yetu uko wazi.

Kaka, umenisaliti.

Kazi ile tuliianza wawili: kuunganisha mtandaoni majina ya wakimbizi waliorudi, ili kompyuta ifahamu kwamba Leonardi wa kambini, baba yetu, na Leonardi wa Nyarusange ni mtu mmoja, mkewe nani, watoto wake akina nani, na ndugu waliopoteana waonane. Wewe kompyuta, mimi miguu. Nimepanda vilima vya Butihinda na daftari hadi viatu vikaachama. Tena tulikubaliana mpango haufungwi: kila Jumapili tunaurudia, tunaongeza, tunarekebisha, lakini pamoja.

Sasa mstari wa "Vumilia ni mtoto wa Leonardi" umeufuta, ukaandika "alilelewa na". Umefanya hivyo nikiwa pembeni yako, nashangilia. Nilipokuuliza, hukuona hata haya: "We Vumi, mipango iko inabadilika tu, ni normal. Mashine inataka ukweli."

Ukweli upi? Ni kweli baba aliniokota njiani mlipokuwa mnakimbia, na kilima nilikozaliwa sikijui. Lakini siku tuliporudi aliweka mtungi wa pombe ya mtama mbele ya ukoo wote Nyarusange, akanywa, kisha mrija wa kunywea akanipa mimi, wote waone kwamba mimi ni mtoto wake. Ulikuwepo. Ulinuna kwa sababu nilikutangulia. Na usiniambie habari za shamba la urithi; sisi wasichana hatugawiwi, hata kisingizio hicho huna.

Baba hayupo tena wa kunisemea. Leo anayetafuta watoto wa Leonardi anakupata wewe peke yako.

Mama sijamwambia. Kila siku anauliza kama umepiga simu, nami najibu una kazi nyingi. Nimechoka kukufichia.

Nisalimie wifi Christina. Mwambie Thomas mdogo kwamba shangazi yake amemwekea mahindi mabichi, kama bado mimi ni shangazi yake.

Jumapili hii mpira uuache. Panda basi uje na kompyuta yako, ukae kati yangu na mama, umsomee mstari ulioandika, kwa sauti. Ukiweza kuumaliza, basi uuache ulivyo.

Mungu akulinde njiani.

Anayekupenda, hasira na yote,

Vumilia wa Leonardi