Klachi Aliyonifungia Jirani Siwezi Kuivuta

Mpendwa Bi Doreen,

Naomba msaada wa safu yako ya gazetini, na kama utacheka basi cheka kidogo, maana mke wangu Hilda ameshacheka kwa niaba ya bonde zima. Mimi ni mzee mstaafu, nina pikipiki ya silinda moja ya mwaka 1954 aliyoniachia baba, ile ya gia za mguu wa kulia, na miaka yote nimekuwa nikienda nayo Jumapili hadi kwenye kibanda cha chai pale darajani, wanakokutana wenye pikipiki za zamani, tunakula mikate ya soseji na kudanganyana kuhusu mwendo. Mwaka jana ikaanza kunisumbua, klachi ikawa inateleza mlimani, injini inanguruma lakini pikipiki haiendi, halafu gia ya tatu ikawa inachomoka yenyewe, na kabla sijaifungua moyo wangu nao ukaleta matata yake, nikalazwa hospitali ya Leeds, nikapasuliwa, nikaambiwa nisinyanyue hata birika mpaka baridi iishe.

Hapo ndipo jirani yangu Alwyn, Mungu ambariki, alipokuja kunitazama wodini na zabibu zake, akaniambia, "Norris, niachie ufunguo wa banda, wewe kazi yako ni kupona." Alwyn ni fundi mstaafu wa matrekta, mkewe Beryl alifariki mwaka juzi, na daktari wa macho amemkataza kuendesha chombo chochote cha moto, pikipiki yake mwenyewe akaiuza. Basi mtu huyu alikaa bandani kwangu majira yote ya baridi na jiko dogo la mafuta ya taa miguuni, akaishusha giaboksi, akabadilisha beringi na ile gia iliyolika meno, akasafisha kila kitu mpaka kikang'aa, akafunga sahani mpya za klachi na springi mpya. Niliporudi nyumbani nikawa naketi naye juu ya ndoo iliyofudikizwa, Hilda anatuletea supu ya njegere, tunabishana kuhusu kriketi. Bi Doreen, sijawahi kutendewa wema kama ule, na hata sasa nikisikia gia zile zinavyoingia bila kelele machozi hunilengalenga, sioni haya kusema.

Sasa shida yangu ni hii. Siku ya kwanza ya kuijaribu alisimama mlangoni, amekunja mikono, akauliza, "Vipi klachi, si nzito?" Nami nilikuwa nimeivuta nikahisi navuta ng'ombe kwa mkia, kwa sababu amezikaza springi hadi mwisho isije ikateleza tena, na vidole vya mkono wangu wa kushoto vina yabisi, lakini nikamjibu, "Laini kama siagi, Alwyn." Ndivyo tulivyolelewa huku, mtu akikupa zawadi husemi inakubana. Tangu hapo nimekuwa mwongo wa kila wiki, naiachia pikipiki iteremke yenyewe hadi nyuma ya ukuta wa kanisa, naketi pale na chupa yangu ya chai muda wa kutosha mtu kuamini nimefika darajani, kisha nabana klachi kwa mikono miwili, natumbukiza gia ya kwanza, na kupanda nayo hiyo hiyo moja mpaka nyumbani. Juzi Alwyn akaniuliza mbona napanda kwa gia moja. Nikamwambia nafurahia kutazama kondoo.

Wiki iliyopita nilijitia ujasiri nikafika njia panda, nikashindwa kuibana klachi kwa wakati, pikipiki ikaruka mbele na kuzimika katikati ya barabara, pembeni ya trela la kondoo lililofunga breki kwa shida. Mwenye trela akashusha kioo, akasema tu, "Habari za asubuhi, Norris." Sikulala vizuri, maana Jumapili ya mwisho ya Juni klabu yetu inakwenda Whitby, kule pwani, kula samaki na chipsi, na nimemwahidi Alwyn kumpakia nyuma. Ameshatoa koti lake la ngozi kabatini, amelipaka mafuta, analianika uani watu walione.

Hilda anasema, "Mwambie, mzee wewe, kwani atakung'ata?" Mimi nilifikiri kuipeleka kwa siri kwa fundi wa Skipton azilegeze springi, lakini Alwyn anazijua nati zake, ataona alama za spana ya mtu mwingine. Na kila jioni anapita langoni, anauliza, "Haina shida yoyote?" Namjibu, "Hata kidogo." Anasimama, anatazama banda, kisha anaondoka. Nikimkaribisha chai anasema, "Ah, sitaki kuwasumbua, kazi imeshaisha." Najiona kama mwizi. Nifanye nini nisimvunje moyo mtu aliyenitendea wema wote huu?

Mwenye shukrani na vidole vibovu,
Norris

Bwana Norris,

Nimecheka, na si kidogo. Kisha nikafika kwenye lile trela la kondoo na kicheko kikanikauka. Wewe umetoka kupasuliwa moyo, halafu unahangaika mlimani na pikipiki ambayo huwezi kulitenga gurudumu lake na injini, yote hayo kwa sababu ya adabu? Ungekufa na adabu zako, na Alwyn angeishi akijua ni klachi aliyoifunga yeye. Huo ndio wema unaomlipa?

Nimeishi na mume aliyekuwa akiosha sahani za klachi kwenye sinki langu la vyombo, kwa hiyo usinidanganye mimi. Springi zikikazwa kuliko inavyotakiwa, kuzilegeza ni kugeuza nati tu kwa spana. Alwyn amezoea matrekta, akazikaza kwa mkono wa mtu wa matrekta, na hajui habari za vidole vyako kwa sababu hukumwambia. Kazi yake haina kosa. Kilichokosekana ni mwendeshaji kusema pikipiki inamkaa vipi, na kazi hiyo ilikuwa yako.

Shukrani zako nazikubali, ni za kweli, nimeziona katika kila mstari. Lakini hebu rudia kusoma ulichoniandikia mwishoni. Mjane aliyeshinda bandani kwako majira yote ya baridi, na supu na ubishi wa kriketi, leo anasimama langoni kila jioni na kuuliza kama kuna shida. Wewe unadhani anakagua kazi yake. Norris, anaomba shida. Kazi ilipokwisha, aliona hana tena sababu ya kuingia kwenu, na chai peke yake kwa mtu wa namna ile si sababu. Anakuja kuulizia sababu, nawe kila jioni unamjibu hakuna. Nilipofika hapo niliiweka barua yako mezani nikatoka nje kidogo.

Basi sikiliza. Fundi wa Skipton umsahau. Usingoje jioni ya langoni, nenda wewe kwake asubuhi, ukagonge mlango wake. Mwambie hivi: "Alwyn, klachi inanishinda, vidole vyangu vina yabisi, nilikuficha kwa aibu. Njoo uione." Usianze na hali ya hewa, usizunguke, na usiombe radhi zaidi ya mara moja, utamchosha. Akinuna, mwache anune, atanuna akiwa njiani kwenda bandani.

Mkishaifungua, zilegezeni springi kidogo kidogo, zote kwa kipimo kimoja, na mkivuta klachi sahani ya nje itoke sawasawa bila kuyumba. Sahani ni mpya, zitashika bila kukazwa hivyo. Waya wa klachi utieni mafuta, na muupitishe mahali ambapo haukunjwi kona kali. Kisha ijaribu mlimani, wewe peke yako, ukiivuta klachi kwa mkono mmoja, mara nyingi kuliko unavyopenda. Ikiteleza, kazeni kidogo. Mtahitaji asubuhi kadhaa, na msiharakishe hata kama mnaweza.

Kuhusu Whitby, sina mjadala. Kama siku ikifika bado unaibana kwa mikono miwili, Alwyn hapandi nyuma yako. Hilda atawapeleka kwa gari, na Alwyn atavaa koti lake lile lile. Samaki hawataona tofauti.

Jambo la mwisho. Hukuniomba nibadilishe majina, ila katika nakala ya gazeti nimeyabadilisha kwa huruma tu. Lakini pikipiki ya mwaka 1954 iliyofunguliwa na fundi wa matrekta kwa jirani aliyepasuliwa moyo, sidhani kama mnazo mbili bondeni kwenu. Jibu hili nimekupostia leo. Gazeti linatoka Ijumaa, na Alwyn ni mtu wa kusoma gazeti. Hakikisha amesikia kwako kwanza.